Mvua ndiyo iliyoamua chakula cha wawindaji wa kale Turkana

WATU wengi hudhani kuwa binadamu wa kale, waliokuwa wakiwinda na kukusanya vyakula, waliishi kwa nyama ya porini pekee. Mabaki yaliyofukuliwa kandokando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, yanaonyesha kuwa sivyo.

Miaka 10,000 hivi iliyopita, eneo hilo ambalo leo ni kame lilipata mvua nyingi kuliko sasa. Maji ya ziwa yalipanda takriban mita 80 juu ya kiwango cha leo, yakafurika hadi kuingia katika mfumo wa mto Nile.

Katika maeneo ya Lothagam, magharibi mwa ziwa, na Lowasera, kusini mashariki, wataalamu wa mambo ya kale walikuta machusa ya mfupa yenye meno ubavuni, pamoja na mifupa mingi ya samaki, wakiwamo sangara na kambare. Kambare huingia katika maji ya kina kifupi kutaga mayai wakati wa mvua, hivyo ni rahisi kumchoma. Viboko na mamba nao waliliwa. Matunda na mizizi huoza upesi, kwa hiyo mchango wake katika mlo huo ni vigumu kuupima.

Hata hivyo, neema hiyo haikuzuia uhasama. Huko Nataruk, karibu na ziwa hilo, iligunduliwa mwaka 2012 mifupa ya watu wasiopungua 27, wakiwamo watoto. Kati ya viunzi 12 vilivyokuwa karibu kamili, 10 vilikuwa na dalili za kuuawa kikatili. Watafiti waliochapisha matokeo hayo mwaka 2016 walieleza kuwa huenda kundi jingine lilitaka kuwapora mali, zikiwamo ardhi na akiba ya chakula.

Miaka 5,000 hivi iliyopita mvua zilipungua na ziwa likarudi nyuma. Ndipo wafugaji wa mwanzo walipoingia na mifugo yao. Lakini uvuvi haukufa: huko Dongodien, mashariki mwa ziwa, mifupa ya mbuzi na kondoo imekutwa pamoja na ya samaki.

Kwa hiyo, ni vigumu kutaja mlo mmoja kuwa ndio wa asili wa binadamu. Wakazi wa Turkana walikula kilichopatikana, na maji yalipopungua walibadilika.