Kesi ya Daktari

Msomaji, wewe uliyekulia katika hadithi za "itaendelea", bila shaka unaijua raha yake na karaha yake. Unakatishwa pale pale panga lilipoinuliwa, unaambiwa ungoje wiki ijayo. Mtunzi naye anajua kwamba kila wiki anakopa, na siku ya mwisho atadaiwa. Je, mtunzi akifa kabla ya siku hiyo, deni analilipa nani?

Swali hili si la kubuni. Liliwakuta watu wazima wenye akili zao, huko London mwaka 1986, walipokuwa wakitengeneza msimu wa 23 wa mfululizo wa televisheni uitwao Doctor Who.

Kwa asiyeufahamu, huo ni mfululizo wa visa vya anga na wakati ulioanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Shujaa wake anaitwa Daktari, basi, jina jingine halitajwi. Ni wa jamii ya Mabwana wa Wakati, lakini amewatoroka wenzake na anazurura ulimwengu mzima ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu, ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Akikaribia kufa hubadilika mwili na sura, na kwa ujanja huo mwigizaji mmoja humpokea mwingine bila hadithi kukatika. Kufikia 1985 alikuwa ni Daktari wa sita, Colin Baker, mtu wa maneno mengi na koti la viraka lenye rangi zote za duka la kanga.

Kwa desturi kila kisa kilijitegemea. Ukimaliza sehemu nne au sita, mwende sayari nyingine. Msimu wa 1978–79 visa sita viliwahi kufungwa kwa uzi mmoja, Daktari akitafuta vipande sita vya Ufunguo wa Wakati, lakini uzi ule ulikuwa mwembamba. Ungekosa kisa cha tatu, cha nne ungekielewa vizuri tu. Msimu wa 1986 ulikuwa mambo mengine.

Chanzo chake kilikuwa shari. Februari 1985 ilitangazwa kwamba msimu uliokuwa ukitayarishwa hautaonyeshwa kwa wakati wake. Mkuu wa BBC1, Michael Grade, alikuwa ameuchoka mfululizo huo, na hakuona haya kusema hadharani kwamba umejaa ukatili na umeishiwa ubunifu. Wapenzi wake wakapiga kelele magazetini. Machi mwaka huo hata wimbo ulirekodiwa kuutetea, na kwa maoni yangu wimbo wenyewe ulikuwa ushahidi mzuri wa upande wa mashtaka. Miswada iliyokwisha andaliwa ikatupwa kando. Mfululizo ukakaa nje karibu miezi 18, kisha ukaruhusiwa kurudi ukiwa umekatwa miguu. Msimu wa 1985 ulikuwa na sehemu 13 za dakika 45 kila moja. Huu mpya ulipewa sehemu 14 za dakika 25. Ukipiga hesabu utaona kwamba dakika 585 zilishuka kuwa kama 350.

Basi mtayarishaji John Nathan-Turner na mhariri wa miswada Eric Saward wakaamua jambo ambalo naliona ni la kijasiri. Kwa kuwa mfululizo wenyewe uko kizimbani, shujaa wake naye apandishwe kizimbani. Sehemu zote 14 ziwe kesi moja, chini ya jina moja, The Trial of a Time Lord. Umbo lake wakalifuatisha na hadithi maarufu ya Krismasi ya Charles Dickens. Kuwe na kisa kimoja cha wakati uliopita, kimoja cha sasa, kimoja cha wakati ujao, kisha hukumu.

Hebu tuiangalie kesi yenyewe. Daktari anavutwa kwa nguvu mpaka kwenye kituo kikubwa kinachoelea angani. (Picha ya kituo hicho ndiyo inayofungua msimu. Haifiki hata dakika moja, lakini ilikula zaidi ya pauni 8,000, na ukiitazama hata leo utasema pesa hazikupotea.) Ndani yake wamekaa Mabwana wa Wakati kwa majoho, na mwendesha mashtaka aitwaye Valeyard, aliyeigizwa na Michael Jayston kwa sauti baridi kama kisu. Shtaka lake ni kuingilia mambo ya sayari za watu. Ushahidi hausomwi, unaonyeshwa. Ipo hazina ya kumbukumbu iitwayo Matrix, na kila kisa tunachokitazama sisi nyumbani ndicho kinachotazamwa na mahakama kwenye skrini yao.

Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad anasimulia ili asife. Huku ni kinyume chake, kwani mshtakiwa anasimuliwa visa vyake mwenyewe ili auawe.

Na hapo ndipo pana utamu. Daktari anaanza kulalamika kwamba visa anavyoonyeshwa sivyo anavyovikumbuka. Mahali pengine maneno yamekatwa. Kwenye kisa cha pili tunamwona akimgeuka msichana anayesafiri naye, Peri, akishirikiana na watesi wake. Mwisho wake akili ya Peri inafutwa, mwili wake unatiwa akili ya kiumbe mwingine, kisha anapigwa risasi. Mahakama inazima skrini. Daktari anabaki amesimama. Je, ni kweli alifanya hivyo? Au Matrix imechezewa?

Kumbe swali hilo hilo alikuwa akiuliza mwigizaji mwenyewe. Colin Baker alitaka kujua: mandhari hii ya usaliti, niigize kama mtu anayejifanya msaliti, au aliyeharibika akili, au kama uongo uliotengenezwa na mashtaka? Ni swali la haki kabisa. Kila jibu lina uso wake na sauti yake. Hakupata jibu la kueleweka. Mwandishi wa kisa hicho, Philip Martin, hakuwa ndiye mwenye ramani ya msimu mzima, na wale waliotakiwa kuwa nayo hawakuwa na neno moja. Baker akaigiza akikisia.

Mimi hapo huona kiini cha mambo yote. Unaweza kumficha msomaji ukweli, naam, ndiyo kazi yetu. Lakini lazima awepo mtu mmoja, japo mmoja, aliyekaa na ukweli huo mfukoni. Msimu ule mtu huyo alikuwa ni nani?

Wengi walimtegemea Robert Holmes. Huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Alizaliwa 1926, akawa ofisa wa jeshi huko Burma, ambako wazee wetu wa KAR nao walipelekwa, kisha akawa polisi London kabla ya kushika kalamu. Visa vyake vya Doctor Who vilianza kuonyeshwa mwaka 1968, na kati ya 1974 na 1977 yeye ndiye aliyekuwa mhariri wa miswada, miaka ambayo wengi huihesabu kuwa bora kuliko yote. Alipewa kufungua kesi, sehemu ya 1 hadi ya 4, na kuifunga, sehemu ya 13 na 14. Mswada wake wa ufunguzi ulirudishwa na wakubwa wa BBC ukiwa na masahihisho makali, na inasemwa kwamba yalimuumiza sana mzee wa watu. Isitoshe, alikuwa mgonjwa. Tarehe 24 Mei 1986 alifariki akiwa na umri wa miaka 60, sehemu ya 14 ikiwa haijaandikwa.

Saward alikuwa ameshaacha kazi mwezi wa Aprili kwa kugombana na Nathan-Turner. Hata hivyo, kwa ajili ya rafiki yake aliyefariki, alikubali kurudi amalizie sehemu ya mwisho kama walivyokuwa wamepanga. Na walipanga hivi: Valeyard, ambaye sasa imegundulika kwamba ni Daktari mwenyewe wa siku za mbele, uovu wake wote uliokusanyika ukapata mwili, anakabana naye mwilini, na wote wawili wanatumbukia kwenye shimo la wakati. Nani atatoka? Hatuambiwi. Hadithi inakwisha hapo, wamekabana.

Nathan-Turner akaukataa mwisho huo. Sababu yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Ukimwacha Daktari shimoni bila kumtoa, unawapa wakubwa wanaotaka kuufunga mfululizo kisingizio kilichofungwa kwa utepe. Saward akasema ndivyo alivyotaka marehemu, na mkiubadilisha mswada nauchukua. Hawakuelewana. Akauchukua, na baadaye akamwaga yote kwenye mahojiano na gazeti la Starburst.

Nani alikuwa na haki? Kama mtunzi namuunga mkono Saward. Shujaa anayekabana na nafsi yake pasipo mshindi ni mwisho mkubwa, na ungekuwa mwisho pekee wa msimu ule uliotokana na mambo yaliyotangulia. Lakini Nathan-Turner alikuwa na watu wa kulisha, na alikuwa ndani ya jengo lile, akizijua nyuso za wanaomkata. Sijui ningefanya nini mahali pake.

Siku za kurekodi zilikuwa zimekaribia, na sehemu ya mwisho haipo. Wakaitwa mume na mke, Pip na Jane Baker, walioandika kisa cha tatu. Wakapewa mswada wa sehemu ya 13 na kuombwa waandike ya 14 kwa siku chache. Katika mazungumzo hayo alikaa mtu wa sheria kuhakikisha kwamba hakuna anayewadokezea Saward alimalizaje, kwa sababu maneno yale sasa yalikuwa mali yake. Fikiri, msomaji! Kesi ya kubuni juu ya ushahidi uliofichwa, inamaliziwa na watu waliofichwa mwisho wake, wakili akishuhudia.

Walifanya walichoweza. Ikafichuka kwamba Baraza Kuu la Mabwana wa Wakati ndilo lililochezea ushahidi kufunika uovu wake, na kwamba Valeyard aliahidiwa maisha yaliyobaki ya Daktari kama ujira. Vizuri. Lakini Peri, ambaye kifo chake kilitunyamazisha sote, tunaambiwa kwa sentensi moja kwamba hakufa, ameolewa na mfalme. Mwigizaji wake, Nicola Bryant, alikuwa ameigiza kifo, si harusi.

Sehemu ya kwanza, tarehe 6 Septemba 1986, ilitazamwa na watu kama milioni 4.9, ilhali msimu wa 1985 ulikuwa ukivuta kama milioni 7. Ya mwisho ilionyeshwa tarehe 6 Desemba, ikafika milioni 5.6. Ndani ya hadithi mshtakiwa aliachiwa huru. Nje yake, mfululizo uliruhusiwa kuendelea (ulidumu hadi 1989, na ukafufuka 2005), ila kwa sharti moja, kwamba Colin Baker aondoke. Akaombwa arudi kwa kisa kimoja tu ili mpokezi wake apate kumpokea. Akakataa.

Kwa hiyo tarehe 7 Septemba 1987 Daktari wa saba, Sylvester McCoy, alivishwa lile koti la viraka na wigi la nywele za mawimbi, akalala sakafuni. Kiumbe mmoja akamgeuza chali, na mwanga ukawahi kuufunika uso wake kabla hatujaona kwamba si yeye.