SPEEDI: Programu Iliyoujua Upepo Bila Kujua Kilichobebwa

Hesabu zilizomo ndani ya programu za kukadiria madhara ya mionzi inayosambaa hewani ni za zamani kuliko programu zenyewe. Mwaka 1961 Frank Pasquill, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, aligawa utulivu wa hewa katika madaraja sita, kuanzia A, la hewa inayovurugika sana, hadi F, la hewa iliyotulia, hata mtu aliyejua kasi ya upepo, ukali wa jua na wingi wa mawingu akaweza kukadiria jinsi moshi utakavyotanuka. Ukijulikana pia wingi wa chembe za mionzi zilizotoka mtamboni, hesabu hiyo hutoa dozi, yaani kiasi cha mionzi ambacho mwili hupokea.

Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island nchini Marekani, Machi 1979, Japani ilianza mwaka 1980 kutengeneza mfumo wake, SPEEDI, uliokusudiwa kuonyesha ramani ya dozi mapema ili viongozi wajue ni nani wa kuhamishwa.

Mtihani wake ulikuja Machi 2011 katika mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Tetemeko na tsunami vilikata umeme, na takwimu za mtambo, ambazo SPEEDI ilizitegemea, hazikufika; kwa hiyo wataalamu waliingiza kiwango cha kubuni cha bekereli 1 kwa saa (bekereli ni kipimo cha kasi ya kuoza kwa atomi), na ramani zikaonyesha mwelekeo bila kuonyesha ukubwa wa hatari. Matokeo hayakutangazwa hadi tarehe 23. Wakati huo wakazi wengi wa Namie, mji ulio karibu na mtambo huo, walikwisha kukimbilia Tsushima, kaskazini-magharibi, upande uleule ambako wingu zito la mionzi lilishuka tarehe 15.

Je, ramani hizo zingewafaa? Kamati ya uchunguzi ya serikali ilisema mwelekeo pekee ungetosha kuwaepusha na njia mbaya. Tume ya bunge ikaona kwamba makadirio hayo hayakuaminika kiasi cha kutegemewa. Hoja ya kamati ina uzito zaidi, maana mkimbizi anahitaji kwanza kujua upande wa kukwepa. Hata hivyo, mwaka 2014 mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliamua kwamba uhamishaji usiongozwe na SPEEDI bali na vipimo vya vifaa vilivyowekwa nje, ambavyo hupima mionzi iliyokwisha kufika.