UZI: Taa ya boda mchana ni ya nini, na mzigo wake ni wa nani?

1. Kila siasa zikipamba moto, mjadala wa boda hurudi vile vile. Upande mmoja: "Hawa vijana hawana adabu, wakamatwe." Upande wa pili: "Hawa ni wanyonge, waachwe watafute riziki." Leo tuangalie kitu kidogo ambacho pande zote mbili hukiruka: taa. Uzi ni mrefu kiasi, vuta kiti.

2. Hapa Kizingo, ukikaa Lighthouse jioni na mihogo yako, utaona boda nyingi zina vitaa viwili vya LED chini ya ile taa kubwa. Wengine wameviunga viwake muda wote, hata saa saba mchana jua likiwa kali. Wapita njia husema ni mapambo, ama kutafuta sifa. Ukimuuliza mwenye boda atakwambia: "Nataka wa matatu anione." Hilo jibu lake lina historia kuliko tunavyodhani.

3. Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna taa ya kuona na kuna taa ya kuonekana. Mnara wa taa wa Ras Serani haumuliki bahari ili nahodha aone njia. Uko pale ili yeye auone mnara. Taa ya boda mchana ni hivyo hivyo: si ya dereva wake, ni ya yule mwenye gari anayetaka kukata kona mbele yake.

4. Wazo hili halikuanza na boda. Finland iliamuru taa mchana kwenye barabara za nje ya miji wakati wa baridi mwaka 1972. Sweden ikaamuru magari yote, mwaka mzima, 1977. California ikaenda mbali zaidi: pikipiki zilizotengenezwa kuanzia 1 Januari 1978 lazima taa ijiwashe yenyewe injini ikiwaka. Shika hiyo. Dereva hakuambiwa "kumbuka kuwasha." Kiwanda ndicho kilichoambiwa.

5. Mwaka 1981 ikatoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, wakifika wenyewe pale pale. Katika ajali za pikipiki na gari, karibu theluthi mbili mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Na sababu iliyojirudia sana: hakuiona kabisa, au aliiona akiwa amechelewa.

6. Najua kuna mtu atasema: "Huko ni ukungu na theluji, sisi tuna jua." Haya, twende Malaysia. Joto kama letu, pikipiki ndogo ndogo kila kona. Septemba 1992 wakaamuru pikipiki ziwashe taa mchana. Watafiti wa huko wakapima, wakakuta ajali za aina ya "sikumuona" zilipungua kwa takriban 29%. Kwa hivyo jua si jibu.

7. Sasa turudi nyumbani. Boda ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia. Mnamo 2008 hivi serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, na hapo mlango ukafunguka kweli kweli. Vijana wakapata kazi, wanasiasa wakapata umati wa kuhutubia. Mwaka 2012 Sheria ya Trafiki ikarekebishwa: helmeti, jaketi la kumeremeta, abiria mmoja. Ni mambo mazuri, sibishi. Lakini angalia yote yamewekwa wapi: kwenye mwili wa dereva na mfuko wa dereva.

8. Na utekelezaji wetu huja kwa mafuriko. Machi 2022, baada ya mwanamke aliyekuwa akiendesha gari kushambuliwa na wanaboda Nairobi, msako ulitangazwa nchi nzima. Kitendo kile kilikuwa cha aibu na kilistahili sheria. Lakini hata wiki mbili hazikuisha, msako ukasimamishwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wenye hasira walipewa msako, wenye boda wakapewa msamaha, na pikipiki zikabaki zile zile.

9. Linganisha na India, ambako boda zetu nyingi zimetoka. Kuanzia 1 Aprili 2017, pikipiki mpya za huko ni lazima taa ya mbele iwake muda wote injini ikiwaka. Hakuna swichi ya kubishana nayo, hakuna askari wa kumhonga. Kwa hivyo utaalamu upo kiwandani tayari. Pale Lighthouse unapoona meli ikiingia Kilindini, jiulize: sisi tunadai nini kabla mzigo haujashuka?

10. Kwa kuwa swali hilo hatuliulizi, kazi imeachiwa fundi wa mtaani. Fundi mzuri huchukua moto kwenye waya unaoamka na ufunguo, aweke fyuzi na rilei, kisha ainamishe taa chini. Fundi wa haraka huunga moja kwa moja kwenye betri: asubuhi pikipiki haiwaki, au waya unashika moto. Na vile vitaa vikali vilivyoinuliwa juu, usiku humpofusha anayekuja mbele. Kwa hivyo anayelalamika naye ana haki yake.

11. Pia taa si dawa ya kila kitu. Ulaya ilipolazimisha magari mapya yawe na taa za mchana kuanzia 2011, waendesha pikipiki walinung'unika kwamba sasa watapotea katikati ya taa nyingi. Na taa haimtibu anayekwenda upande usio wake, wala asiye na leseni. Tusidanganyane.

12. Hesabu za NTSA zinaonyesha tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani Kenya kila mwaka, na wanaboda wako juu kabisa kwenye orodha pamoja na wanaotembea kwa miguu. Kwa hivyo mgombea akija stejini kwenu na jaketi za bure zenye picha yake, pokea, ni jaketi. Halafu muulize: "Mheshimiwa, pikipiki inayoingia bandarini utaitaka iwe na taa gani, na nani atalipia, mimi au anayeniuzia?" Akianza kuimba, umeshapata jibu.

Uzi umeishia hapa. Sina chama. Una hoja, ilete kwa adabu tujadiliane.