Kutoka Korona hadi Mashine ya Kufulia: Ufundi wa Mnyuzi

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kufulia, na historia ya ufundi huu hapa Mnyuzi inaanzia kwenye mkonge. Nguo zilikuja baadaye sana. Mpaka leo nyingi kijijini zinafuliwa kwenye karai kwa sabuni ya mche, na wanaofua ni akina mama na mabinti. Lakini mikono ya kufungua mashine, kuitafutia ugonjwa na kuirudisha kazini ilikuwapo hapa tangu enzi za babu zetu.

Reli ya Tanga ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Mnyuzi ipo njiani kati ya miji hiyo miwili. Mkonge nao ulikuwa umekwishaingia nchini. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani mwaka 1893. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yalipoenea kufuata reli, kila shamba kubwa likajenga nyumba ya korona, mashine ya kuchakata mkonge. Mashine hiyo ilikuwa ikitengenezwa na Krupp Grusonwerk, kiwanda cha mji wa Magdeburg, Ujerumani. Majani yanaingia upande mmoja, magurudumu yenye visu butu yanayaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagika mfululizo, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi za mkonge. Katika kilo 100 za majani unapata singa kilo nne hivi. Zinazobaki ni maji ya kijani na makapi yenye harufu ambayo kila aliyekulia kwenye kambi za mashamba ya mkonge anaijua.

Babu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea akakata mkonge. Baba aliwekwa karakana. Huko alijifunza jambo ambalo mimi nalitumia kila siku: kuchukua bisibisi ndefu, kuweka ncha yake kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, mashine ikiwa inazunguka. Beringi nzima inavuma kwa sauti moja. Beringi iliyoanza kufa inakwaruza, tena unasikia siku nyingi kabla haijaleta hasara. Baba alikuwa akiwaambia vijana wa karakana kwamba fundi anayesubiri mashine isimame hana tofauti na mpita njia.

Huko Magdeburg, kiwanda kilichounda korona kilipatwa na makubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kiwanda kile kilishikwa na Warusi, mwaka 1951 kikapewa jina la Ernst Thälmann huko Ujerumani Mashariki, na mwaka 1996, Ujerumani ikiwa imekwishaungana, kikafilisika. Korona za huku ziliendelea kuzunguka hata pale ambapo hapakuwa tena na mtu wa kumwandikia barua ya kuomba spea. Shafti zilikerezwa karakana, visu vikafuliwa, mikanda ikaungwa. Hiyo ndiyo shule iliyotulea.

Kisha mkonge wenyewe ukaanguka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na mengine yakaachwa yaote pori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000. Mafundi wa karakana wakatawanyika. Wengine walipanda treni ya Dar es Salaam, maana tangu 1963 reli ya kutoka Ruvu inaungana na ya Tanga hapa hapa Mnyuzi. Wengine walibaki na mashine za kusaga na pampu za maji. Baba alikuwa katika hao waliobaki.

Umeme una habari yake, na inaniuma mpaka leo. Bwawa la Hale lilianza kuzalisha megawati 21 mwaka 1964, jirani kabisa na sisi, na nyaya zikapita juu ya mapaa yetu kwenda mijini. Vijiji vilibaki na vibatari kwa miaka mingi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007. Umeme ulipoingia majumbani, watu walianza na taa, redio, televisheni, pasi. Mashine ya kufulia ilikuja mwisho kwa sababu inadai vitu viwili kwa pamoja, umeme na maji ya bomba. Za kwanza kuletwa kwangu zilitoka kwenye nyumba za wageni za Korogwe: zile za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Hizo ni rahisi. Taima, kapasita, mkanda, basi.

Kazi nzito ilianza zilipofika za mlango wa mbele, mitumba ya Ulaya iliyopitia Zanzibar na Dar. Katika hizo nimefungua Hoover. Kiwanda cha mashine za Hoover kilikuwa Merthyr Tydfil, Wales, kilifunguliwa mwaka 1948 na uzalishaji ukakoma mwaka 2009. Nikifikiria mji ule uliojenga maisha yake juu ya kiwanda kimoja, naona kambi zetu. Mwaka 1992 Hoover ya Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege bure kwa anayenunua bidhaa za pauni 100. Watu walimiminika, kampuni ikalemewa na hasara ya karibu pauni milioni 50, na mwaka 1995 tawi la Ulaya likauzwa kwa Candy ya Italia. Mwaka 2019 Candy nayo ikaingia mikononi mwa Haier ya China. Kwa hiyo mteja anayeniambia "fundi, hii ni ya Mwingereza, ni imara" ananunua kibandiko. Mimi namwambia tufungue tuone ndani.

Ndani, mara nyingi, kuna beringi mbili, 6205 na 6206. Ya kwanza ina tundu la milimita 25, ya pili milimita 30, liwe jina lolote mlangoni. Namba hizo ni za dunia nzima, na beringi hizo hizo zinakaa kwenye mota na pampu, ndiyo maana nazipata Korogwe bila kusubiri mzigo wa Dar. Kilio kingine kipo nyuma ya pipa la ndani: kiungo cha mikono mitatu cha aluminiamu kinacholibeba. Sabuni ikigandia pale pamoja na unyevu, aluminiamu inalika pale inapogusana na chuma kisichoshika kutu, inakuwa unga mweupe, hadi siku inavunjika wakati wa kukamua. Maji ya visima vyetu yenye chumvi yanaongeza balaa. Kipasha moto hupata ukoko kama wa birika la mama ntilie.

Mashine za kuoshea vyombo sizioni sana. Ni za hoteli za Tanga. Aliyezianzisha kibiashara ni mwanamke, Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1886. Kampuni yake ilichukuliwa na Hobart mwaka 1926, na jina la KitchenAid lililozaliwa ndani ya Hobart likauzwa kwa Whirlpool mwaka 1986. Safari ile ile ya Hoover.

Linalonikera ni hili. Karakana ya mkonge ilidumisha korona kwa sababu aliyeiunda aliiacha ifunguke. Leo mashine nyingi zina pipa la nje la plastiki lililogandishwa kiwandani vipande viwili vikawa kimoja. Beringi ya bei ndogo ikifa, inabidi ukate pipa kwa msumeno wa chuma, utoboe matundu, uliunge upya kwa skrubu na silikoni. Nafanya, na linashika, lakini ni ubabe uliolazimishwa na mtu aliyeamua tangu mwanzo kwamba mashine ifie kwa mwenye nyumba.

Ndugu msomaji, ukienda dukani au kwa muuza mitumba, liache jina la mlangoni. Mwombe afungue kifuniko cha nyuma umulike pipa kwa tochi ya simu. Ukiona skrubu zimezunguka ukingo wake, lipa. Ukiona limegandishwa, tafuta mashine nyingine.