Jamii Ndani ya Wodi: Mlipuko wa Marburg Jijini Kigali, 2024

Tarehe 27 Septemba 2024 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, walikuwa wamethibitishwa wagonjwa 66, na 15 kati yao walikuwa wamefariki. Matokeo haya yamesifiwa, na kwa haki: huko Uíge, Angola, mwaka 2004 na 2005, walifariki watu 227 kati ya wagonjwa 252. Makala haya, hata hivyo, yanauliza swali jingine: mlipuko wa Kigali ulikuwa wa jamii ipi?

Takribani wagonjwa wanane kati ya kila kumi walikuwa watumishi wa afya, wengi wao wa hospitali mbili za jiji hilo. Tangu mwaka 1995 Rwanda imejenga mtandao wa wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, ambao huijua kila kaya ya kitongoji chao. Lakini mtandao huo hutazama kitongoji. Marburg ilikuwa wodini. Mgonjwa wa kwanza, ambaye maambukizi yake yalihusishwa na popo wala matunda katika mgodi, alikuwa pia na malaria. Katika nchi zetu, homa iliyokwisha kupata jina la malaria ni nadra kuulizwa swali la pili. Kwa hiyo ufuatiliaji ulikwenda kinyumenyume: kutoka kwa wauguzi waliougua hadi wodini, kutoka wodini hadi kwa mgonjwa, kutoka kwa mgonjwa hadi mgodini.

Udhibiti nao ulifuata njia hiyo. Dozi 700 hivi za chanjo ya majaribio ziliwasili tarehe 5 Oktoba; kesho yake uchanjaji ulianza, watumishi wa afya wakiwa mstari wa mbele. Waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Wagonjwa wawili waliowekewa mashine ya kupumulia waliondolewa mashine hiyo wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halijapata kutokea Afrika kwa ugonjwa huu.

Kwa maoni yangu, washauri wa sera wanaosoma mafanikio hayo waanze na siku zilizotangulia tangazo. Ratiba ya zamu hospitalini huhesabiwa kuwa karatasi ya utawala tu, ilhali ndiyo inayoonyesha ni nani alikuwa wodini usiku gani. Mfagizi na mbeba machela, mara nyingi, hawamo hata humo.