Divai za Wayunani Zisizovuma na Chakula cha Nyumbani

Katika karne ya 1 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mtu mmoja aliyeandika kwa Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia na matajiri waliosafiri katika Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, kitabu kijulikanacho mpaka leo kwa jina la Periplus. Na humo, alipofika kueleza habari za Rhapta, bandari ya mwisho aliyoitaja katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, alisema kwamba pamoja na mikuki, mashoka, majambia na vyombo vya kioo vilivyoletwa kuuzwa, baadhi ya mahali hupelekewa pia divai kidogo na ngano, wala si kwa ajili ya biashara, bali kwa kutafuta mapenzi ya wenyeji. Hakusema divai hiyo ilitoka shamba gani. Walakini kule kuzitaja divai na ngano kwa pumzi moja ni dalili ya tabia ya watu wake, ambao tangu zama za kale waliyajenga maakuli yao juu ya nafaka, zeituni na mzabibu, na ambao walizoea kufungua kinywa asubuhi kwa mkate uliochovywa katika divai.

Nalitanguliza jambo hilo kwa sababu mtu apendaye kuzifahamu divai za Ugiriki zisizovuma atapotea njia akizitafuta kwa kuzionja peke yake, kikombe mkononi na meza tupu. Nyingi katika hizo zililelewa na chakula cha nyumbani, na nyingine ziliokoka kwa ajili yake, baada ya biashara kuzipa kisogo.

Na biashara ilizipa kisogo kwa muda mrefu. Zamani za Wavenezia, divai tamu iliyochukua jina lake katika mji wa Monemvasia, uliojengwa juu ya jabali la bahari huko Peloponnese, ilinyweka katika nyumba za wakubwa hata Uingereza. Lakini mji ule uliingia mikononi mwa Waturuki mwaka 1540, na sifa ya divai ikahamia mashamba ya watu wengine. Karne ya 19 ilileta balaa la namna nyingine: mdudu mdogo aitwaye filoksera, afyonzaye mizizi ya mzabibu, alipoangamiza mashamba ya Ufaransa, Wafaransa walinunua zabibu kavu za Ugiriki kwa wingi usio kifani ili watengenezee divai, na wakulima wa Kiyunani, kwa tamaa iliyoeleweka, wakapanda zabibu za kukausha kila palipopandika, kisha mashamba ya Ufaransa yakasimama tena, ushuru ukapandishwa, na mwaka 1893 bei ikaanguka, ikaacha vijiji vizima katika madeni. Miaka mitano baadaye mdudu yuleyule alifika Makedonia. Zikafuata vita, kuhama kwa watu na njaa. Divai ikabaki katika pipa la nyumba, ikichotwa wakati wa chakula, na mgeni aliyefika Athene aghalabu hakujua nyingine ila ile iliyotiwa utomvu wa msonobari, retsina, ambayo kwa hakika ina mahali pake mbele ya samaki wadogo waliokaangwa, au chewa wa chumvi pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa, kama walavyo Wagiriki kila tarehe 25 Machi.

Katika sehemu zote za nchi ile, hapana ninapopenda kukawia kama kisiwa cha Santorini. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita mlima wa moto ulipasuka hapo kwa nguvu za kutisha, ukaufunika kwa majivu mji wa Akrotiri, ambao profesa Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Na katika majivu hayohayo, ambayo karibu hayana udongo wa mfinyanzi, filoksera hakuweza kuishi, hata mizabibu ya kisiwa ikasalia juu ya mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa katika mashina ya Marekani kama ilivyolazimu karibu Ulaya yote. Mvua ni haba, upepo ni mkali, na mkulima hauachi mzabibu usimame: huyapinda matawi yake, akayasuka kwa mzunguko juu ya ardhi, mwaka baada ya mwaka, mpaka likafanyika pakacha ambalo ndani yake vishada huning'inia vikikingwa na upepo, mchanga na jua kali, na umande wa usiku utokao baharini hunyonywa na mawe mepesi ya volkeno ukaihifadhi mizizi. Pakacha likizeeka hukatwa, na shina huchipuka upya, kwa hiyo mizizi iliyo chini hupata kuishi umri wa vizazi kadha wa kadha.

Zabibu kuu ya hapo ni Assyrtiko, nyeupe, na divai yake ina ukali safi na ladha ya chumvichumvi. Mtu ainywaye bila chakula huweza kuiona kavu mno. Lakini mama wa nyumba wa kisiwani huandaa fava, yaani mbegu za manjano za jamii ya njegere, zilizolimwa pale tangu enzi za Akrotiri, akazipika hata zikavurugika, akazimwagia mafuta ya zeituni na kutandaza juu yake vitunguu na matumba ya kepari, na pembeni akaweka pweza aliyepigwapigwa juu ya mawe, akaanikwa juani, kisha akachomwa makaani. Ndipo ukali ule hufanya kazi ifanywayo na ndimu juu ya samaki wetu wa kupaka, ukayakata mafuta na kuutoa utamu wa pweza.

Habari ya Malagousia ni ya kuokolewa. Zabibu hii nyeupe ya upande wa Nafpaktos ilikuwa karibu kutoweka kabisa, mpaka profesa Vassilis Logothetis wa Chuo Kikuu cha Thessaloniki alipoikusanya, na miche yake ikapandwa katika shamba la Porto Carras, Halkidiki, ambako kijana Evangelos Gerovassiliou, aliyesomea Bordeaux, alifanya kazi tangu mwaka 1976 na kuthibitisha kuwa yafaa kutolewa divai ya heshima. Baadaye akaipanda katika ardhi ya jamaa zake huko Epanomi. Harufu yake ni ya matunda na majani mabichi, ukali wake ni wa upole, na mimi naona hakuna chakula kiistahilicho zaidi ya majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, bizari na mnanaa.

Kwa nyama, Makedonia ina Xinomavro, zabibu nyeusi ya Naoussa, ambako Yiannis Boutaris, aliyepata kuwa meya wa Thessaloniki, alipanda mashamba mapya wakati wenyeji wengi walikuwa waking'oa mizabibu ili wapande mapichi. Divai hii ina ukakasi uushikao ulimi, na ikiwa changa huchusha. Basi iachwe miaka kadhaa, kisha iwekwe mbele ya nyama ya kondoo, au ng'ombe aliyepikwa pole pole kwa nyanya, vitunguu vidogo na mdalasini, kwani shahamu ya nyama huulainisha ukakasi, na uchachu wa nyanya hukutana na uchachu wa divai bila ya mmoja kuudhalilisha mwenziwe.

Mwisho wa chakula hurudiwa Santorini, kwa Vinsanto, ambayo zabibu zake huanikwa juani kama wiki mbili, zikakamuliwa maji mazito, yakaumuka taratibu, yakakaa katika mapipa si chini ya miaka miwili. Manahodha wa kisiwa waliipeleka Urusi kwa ibada za kanisa. Isitolewe pamoja na halua, maana sukari huififisha: itolewe katika bilauri ndogo, pamoja na jibini la chumvi, tini kavu na lozi.