Kuleta Chuo Karibu na Nyumba: Ustawi wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu vya Butembo na Beni tangu 1989

1. Utangulizi

Historia ya vyuo vikuu vya Kongo imeandikwa mara nyingi kama historia ya sheria, ya majengo na ya migogoro baina ya wanafunzi na serikali. Mwanafunzi mwenyewe, yaani mahali anapolala, lugha anayofikiria na hofu anayoingia nayo darasani, hutajwa kwa nadra. Makala hii inakusudia kuchunguza upande huo katika miji miwili ya Kivu ya Kaskazini, Butembo na Beni, iliyotenganishwa na mwendo wa kilomita zipatazo 50. Hoja yake ni kwamba suala la ustawi wa wanafunzi limezaliwa hapa na historia ya mahali penyewe: kwanza umbali, kisha vita, na baadaye maradhi.

2. Wakati chuo kilipokuwa mbali

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1954. Kilifuatwa na kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, na kile cha Stanleyville, yaani Kisangani, mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa na kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena. Katika miaka hiyo yote kijana wa Butembo au Beni aliyetaka shahada ya chuo kikuu alilazimika kuhama mkoa wake. Aliyekosa ndugu mjini wa kumpokea alibaki nyumbani, na wasichana ndio waliobaki kwa wingi zaidi, kwa kuwa wazazi wengi waliogopa kumwachilia binti aende mbali namna hiyo.

Huko mbali nako hakukuwa salama. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walioadhimisha kumbukumbu ya siku hiyo waliingizwa jeshini kwa nguvu. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 chuo cha Lubumbashi kilivamiwa, na idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Walionusurika walisimulia jinsi wanafunzi walivyobaguliwa kwa mikoa yao ya asili. Aidha, msaada wa serikali kwa wanafunzi ulififia katika miaka ya 1980 kadiri uchumi ulivyozorota. Mzazi wa Butembo alikuwa na sababu ya kutamani chuo kilicho karibu.

3. Haba na haba: kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Graben

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997. Jina lenyewe linatokana na Bonde la Ufa lililo mashariki ya mji. Masomo yaliyopewa nafasi, kama vile kilimo, tiba, tiba ya mifugo, sheria na uchumi, yanaonyesha kwamba waanzilishi walitazama mahitaji ya wakulima na wafanyabiashara wa nchi hiyo ya milima. Waumini na wafanyabiashara walikuwa wamezoea kuchangia barabara na miradi mingine ambayo serikali haikuishughulikia. Haba na haba ikajaza kibaba cha elimu pia.

Kwa kipimo cha leo, kitendo hicho kilikuwa cha kwanza cha kuwajumuisha waliotengwa. Mwanafunzi aliweza kulala kwa wazazi, kula chakula cha shamba la nyumbani na kusaidia dukani baada ya masomo. Hata hivyo, ukaribu uliondoa kizuizi kimoja na kuacha kingine. Chuo kisicho na ruzuku huishi kwa minervali, yaani karo inayotozwa kila mwaka. Umbali ulikuwa umewatenga walio wengi. Sasa mfuko wa mzazi ukawa ndio mlango.

4. Vita langoni

Ukaribu ulikuwa na gharama ya pili: vita vilipofika, vilimkuta mwanafunzi nyumbani na chuoni kwa pamoja. Vita vya 1996-1997 na vya 1998-2003 viliiweka miji hii chini ya tawala za waasi zilizofuatana. Kataliko mwenyewe, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, alizuiwa na waasi kurudi jimboni mwake mwezi Februari 2000, akakaa uhamishoni Butembo, katika mji aliouachia chuo, hadi Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo.

Ilikuwa baada ya vita hivyo ambapo Beni nayo ilipata, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo, kilichoanzishwa na David Kasali na wenzake. Chuo hicho kilijenga malezi yake juu ya nguzo tatu: masomo, kazi na utumishi. Kazi za mikono zilipewa heshima sawa na vitabu, jambo lililolenga kuvunja mazoea ya kumwona msomi kama mtu asiyegusa jembe.

Amani haikudumu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yanayohusishwa na kundi la ADF yameenea katika vijiji na mitaa ya Beni. Familia nyingi zilikimbilia mjini na Butembo, na neno wadeplase, yaani waliohamishwa na vita, likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Mwezi Aprili 2021 wanafunzi wa shule za Beni walikaa siku kadhaa kwenye ofisi ya meya wakidai usalama. Tukio hilo ni hati ya kihistoria: vijana walitangaza hadharani kwamba masomo hayawezekani pasipo usingizi. Mwaliko huo uliwahusu wahadhiri pia, maana walio wadogo mwaka ule ndio walioanza kufika vyuoni miaka michache baadaye.

5. Ebola na somo la lugha

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Beni. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kufa. Kwa ajili ya maradhi hayo na ukosefu wa usalama, wapiga kura wa Beni na Butembo waliahirishiwa uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na shaka kuhusu Ebola ikazidi. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa mkutanoni katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Siku chache baadaye madaktari wa Butembo waliandamana wakidai ulinzi. Mahali ambapo mwanafunzi wa tiba alijifunzia kuponya palikuwa pamemwagika damu ya mganga.

Kwa wanaisimu, mlipuko huo ulifichua jambo jingine. Maonyo mengi yalitolewa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, ilhali watu wengi walielewa vyema Kinande au Kiswahili kinachosemwa Kongo. Neno lisiloeleweka lilizaa uvumi. Swali linalofuata haliepukiki: ikiwa lugha ngeni iliweza kumfanya mgonjwa akimbie tiba, je, humfanyia nini mwanafunzi katika ukumbi wa mihadhara? Sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inatambua lugha za Kikongo katika ufundishaji wa miaka ya mwanzo. Chuoni Kifaransa hutawala. Mwanafunzi anayenyamaza huonekana mvivu, kumbe pengine anatafsiri.

6. Hitimisho

Historia hii fupi inadhihirisha mambo matatu. Kwanza, ustawi wa mwanafunzi ni sehemu ya ufundishaji: aliyepoteza ndugu Beni hafanyi mtihani sawa na aliyelala salama, na kanuni za mitihani zapaswa kulijua hilo. Pili, ada bado ni mlango mwembamba, na vivyo hivyo ngazi za majengo kwa mwenye ulemavu, ingawa sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zake. Tatu, mhadhiri anayefafanua dhana ngumu kwa Kiswahili, kisha akairudisha katika Kifaransa, haishushi hadhi ya chuo. Anaendeleza kazi iliyoanzwa mwaka 1989, ya kukileta chuo karibu na nyumba. Mwaka ule kilichofupishwa kilikuwa barabara. Umbali uliobaki ni ule ulio kati ya meza ya mhadhiri na benchi la nyuma.